VIBONZO VYA CHUKI: WAYAHUDI KATIKA MAJARIDA YA VICHEKESHO YA UJERUMANI, 1919–1939

Mada: Kuinuka kwa Unazi na njia ya kuelekea Vita Kuu ya Pili

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mwanafunzi utaweza:

(a) kueleza mazingira yaliyoifanya chuki dhidi ya Wayahudi ipate wasikilizaji wengi Ujerumani baada ya 1918;
(b) kutaja majarida na magazeti yaliyoeneza chuki hiyo kwa vibonzo na kuyatofautisha;
(c) kuchambua alama zilizotumika katika vibonzo hivyo na kuonyesha uongo uliomo;
(d) kujadili mchango wa vibonzo katika mateso na mauaji ya Wayahudi;
(e) kujibu swali la picha na swali la insha kuhusu mada hii.

1. Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa ilikuwaje Wayahudi wa Ulaya wakauawa, huanza na Hitler na kurukia moja kwa moja kwenye kambi za mauaji. Jibu hilo si kosa, lakini lina pengo katikati. Mwanzoni mwa 1933 Myahudi wa Ujerumani alikuwa jirani, daktari wa watoto, mwenye duka la viatu, mwalimu wa hesabu. Kufikia mwishoni mwa 1941 jirani huyohuyo alikuwa akipelekwa stesheni na sanduku lake mkononi, na wengi waliomtazama akipita hawakusema neno.

Swali la mwanahistoria ni hili: ni kitu gani kilichokuwa kimeingia vichwani mwa majirani? Sehemu ya jibu inapatikana mahali ambapo mwanafunzi hatarajii kutafuta, yaani kwenye majarida ya kuchekesha. Watu walinunua majarida hayo ili wapumzike na kucheka, si ili wafundishwe chuki. Lakini wiki baada ya wiki walikutana humo na Myahudi wa kuchorwa, hata Myahudi wa kweli waliyemjua akaanza kufunikwa na yule wa kwenye karatasi.

Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Shika hoja hii moja, kwa sababu somo zima linaizunguka: kibonzo hakikuthibitisha uongo, kiliwazoesha watu uongo.

2. Istilahi za kukumbuka

*Chuki dhidi ya Wayahudi:* Uadui dhidi ya Wayahudi kwa sababu tu ni Wayahudi. Katika Ulaya ya kale uadui huu ulisimama juu ya dini. Katika karne ya 19 ulivikwa vazi jipya la "damu" na "mbari". Neno la Kijerumani la chuki hii, *Antisemitismus*, lilienezwa na mwandishi Wilhelm Marr mwaka 1879.

*Kibonzo:* Mchoro unaotia chumvi sura au jambo ili kuchekesha, kukejeli au kukosoa.

*Taswira mgando:* Picha moja isiyobadilika inayobandikwa kwa watu wote wa kundi fulani, kana kwamba wote wana sura moja, tabia moja na nia moja.

*Mbuzi wa kafara:* Mtu au kundi linalotwishwa lawama ya matatizo ambayo halikuyasababisha.

*Kuvua utu:* Kumsema au kumchora binadamu kama mnyama, mdudu au ugonjwa, ili anayetendewa ubaya asionekane tena kuwa binadamu.

3. Usuli: Ujerumani baada ya 1918

Chuki dhidi ya Wayahudi haikuzaliwa na vibonzo. Ilikuwapo zamani. Mambo yafuatayo yaliipa nguvu mpya baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

(i) *Kushindwa vitani.* Vita viliposimama tarehe 11 Novemba 1918, majeshi ya Ujerumani yalikuwa bado katika ardhi ya nchi za wengine. Raia wengi hawakuelewa wameshindwaje. Wanasiasa wa mrengo wa kulia na majenerali wakaeneza hadithi kwamba jeshi "lilichomwa kisu mgongoni" na wasaliti wa nyumbani, wakiwemo Wayahudi. Ukweli ni kwamba Wayahudi wapatao 100,000 walilitumikia jeshi la Ujerumani katika vita hivyo, na wapatao 12,000 kati yao walikufa. Mwaka 1916 jeshi liliwahesabu askari wake Wayahudi, kwa madai kwamba wanakwepa mstari wa mbele. Jeshi halikuyatangaza matokeo, na tuhuma ikaachwa izagae.

(ii) *Mkataba wa Versailles, 1919.* Ujerumani ilipoteza ardhi, ikatakiwa kulipa fidia, ikanyang'anywa makoloni yote, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani ambayo sehemu yake kubwa ikaja kuitwa Tanganyika. Hasira ya taifa ikatafuta pa kuangukia.

(iii) *Misukosuko ya uchumi.* Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliporomoka hata akiba ya maisha ya mtu ikashindwa kununua mkate. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 ukaongeza dhiki, na kufikia mwanzoni mwa 1933 wasio na kazi walikuwa karibu milioni 6.

(iv) *Hofu ya ukomunisti.* Mapinduzi ya Urusi ya 1917 na maasi ya Ujerumani ya 1918–1919 yaliwatisha wenye mali. Kwa kuwa baadhi ya viongozi wa maasi hayo, kama Kurt Eisner wa Munich, walikuwa Wayahudi, wapinzani wao walidai kuwa mapinduzi yote ni kazi ya Wayahudi.

(v) *Uongo uliokwisha kutungwa.* Kitabu cha kughushi kiitwacho *Itifaki za Wazee wa Sayuni*, kilichochapwa kwanza Urusi mwaka 1903, kilidai kwamba Wayahudi wana njama ya kuitawala dunia. Gazeti la *The Times* la London lilianika ughushi huo mwaka 1921. Wenye kutaka kuamini waliendelea kuamini.

*Takwimu ya kukumbuka:* Katika sensa ya 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama 500,000 katika watu wapatao milioni 65. Hiyo ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Wajerumani wengi wa vijijini walikutana na Myahudi wa kuchorwa mara nyingi kuliko Myahudi wa kweli.

4. Majarida yenyewe

Usiyaweke yote katika kapu moja. Mtahini hufurahishwa na jibu linalotofautisha.

*(a) Majarida ya kawaida ya vichekesho*

*Fliegende Blätter* la Munich lilianza katika miaka ya 1840 na lilisomwa hasa na familia za tabaka la kati. Halikuwa jarida la chama. Hata hivyo, tangu karne ya 19 lilikuwa na wahusika wake wa kudumu wa kuchekwa, na mmoja wao alikuwa Myahudi mchuuzi, mwenye pua kubwa na Kijerumani kibovu.

*Kladderadatsch* la Berlin lilianzishwa 1848. Mwanzilishi wake, David Kalisch, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na katika miaka yake ya mwanzo jarida lilisifika kwa kuwakejeli wakubwa. Baada ya 1918 liliegemea wazalendo wa mrengo wa kulia, likafungua kurasa zake kwa vibonzo dhidi ya Wayahudi, na hatimaye likamuunga mkono Hitler. Hapa pana funzo: jarida lililowahi kuwacheka wenye nguvu liliweza kugeuka na kuwacheka wasio na ulinzi.

*(b) Jarida lililokuwa katikati*

*Simplicissimus* la Munich lilianzishwa 1896. Mchoraji wake mkuu, Thomas Theodor Heine, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kabla ya 1933 jarida hili lilimkejeli Hitler waziwazi. Pamoja na hayo, taswira mgando ya Myahudi tajiri ilijitokeza mara nyingine hata humo. Hii inaonyesha jinsi taswira hiyo ilivyokuwa imezoeleka: hata wapinzani wa Unazi waliichukua kama kifaa cha kawaida cha kazi.

*(c) Vyombo vya Wanazi*

*Die Brennessel*, jina la mmea unaowasha ngozi, lilikuwa jarida la vichekesho la chama cha Nazi. Lilitoka kuanzia 1931 hadi 1938. Chama kilikuwa kimeng'amua kwamba hotuba peke yake haitoshi.

*Der Stürmer* lilianzishwa Nuremberg mwaka 1923 na Julius Streicher, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa haki hili halikuwa jarida la vichekesho. Lilikuwa gazeti la kila wiki la matusi na uzushi. Lakini kilichowavuta wapita njia ni vibonzo vya ukurasa wa mbele, ambavyo kuanzia 1925 vilichorwa na Philipp Rupprecht, aliyetia saini ya "Fips". Chini ya ukurasa huo palikuwa na maneno yaliyowaita Wayahudi balaa la Ujerumani. Maneno hayo hayakutungwa na Streicher. Yaliandikwa 1879 na Heinrich von Treitschke, profesa wa historia.

*(d) Nje ya Ujerumani*

Ugonjwa haukuwa wa nchi moja. Vienna, Austria, kulikuwa na *Kikeriki* (ndiyo "kukurukuu" ya jogoo kwa Kijerumani), lililotoka kuanzia 1861 hadi 1933. Warsaw, Poland, kulikuwa na *Mucha*, yaani "Nzi". Yote mawili yalichapa vibonzo vya aina hii.

*(e) Waliopinga*

Jarida la vichekesho la Wasoshalisti, *Der wahre Jacob*, liliwashambulia Wanazi kwa kejeli hadi lilipozimwa 1933. Taja upande huu katika insha yako. Unathibitisha kwamba kejeli yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ilichofanyishwa.

5. Alama zilizorudiwa na uongo uliomo

Vibonzo hivi vilikuwa na lugha yao. Msomaji aliyekwisha kuizoea hakuhitaji maelezo. Jifunze kila alama pamoja na jibu lake.

*Pua ya ndoano, midomo minene, mgongo uliopinda.* Alama hii ilidai kwamba Myahudi hutambulika kwa sura. Jibu: Wayahudi wa Ujerumani walikuwa na sura za kila namna. Ndiyo maana mwaka 1941 serikali ya Nazi iliwalazimisha kushona nyota ya njano kwenye nguo zao. Kama sura ingetosha, nyota ya nini?

*Mfuko wa fedha, sigara nene, tumbo kubwa.* Alama hii ilidai kwamba Wayahudi wote ni matajiri na walanguzi waliofaidika na njaa ya wenzao. Jibu: Wayahudi wengi walikuwa wachuuzi, makarani na mafundi, na mfumuko wa 1923 ulikomba akiba zao kama ulivyokomba za wengine.

*Mwanamapinduzi mwenye ndevu na bomu au kisu.* Alama hii ilidai kwamba Myahudi ndiye mkomunisti. Angalia kinzani: katika ukurasa mmoja Myahudi ni bepari anayemiliki benki zote, katika ukurasa wa pili ni mkomunisti anayetaka kuzichoma. Hoja ingeanguka hapo hapo. Kibonzo hakikuanguka, kwa sababu hakuna anayekitaka kibonzo kitoe hoja.

*Mhamiaji anayebadilika.* Michoro ya mfululizo ilimwonyesha Myahudi akifika kutoka Ulaya Mashariki na joho na furushi, kisha akivaa suti, kisha akikalia kiti cha tajiri. Ujumbe wake: hata jirani yako aliyestaarabika ni mgeni aliyejificha.

*Buibui, pweza, nyoka, panya.* Hapa mtu anavuliwa utu kabisa. Buibui amekalia utando juu ya dunia. Pweza ameishika kwa mikono yake. Mtu akiudhika na jirani, huzungumza naye au humshtaki. Akiona panya, hutafuta sumu. Ndiyo maana alama hii ni ya hatari kuliko zote.

Zingatia: Kalamu hiyohiyo iligeuzwa pia dhidi ya Waafrika. Baada ya vita, Ufaransa iliweka askari wake katika eneo la mto Rhein, na baadhi yao walitoka makoloni ya Afrika. Mwaka 1920 *Kladderadatsch* lilimchora askari Mwafrika kama sokwe mkubwa aliyemnyakua mwanamke wa Kijerumani. Kwa hiyo, mwanafunzi, usisome somo hili kama ugomvi wa watu wa mbali. Mbinu ni moja, anayebadilika ni anayelengwa tu.

6. Kwa nini kicheko kilifaa kuliko hotuba?

(i) *Kicheko hakidai ushahidi.* Hotuba ikisema uongo, msikilizaji anaweza kuuliza "una uhakika?" Kibonzo kikisema uongo, anayeuliza huambiwa hajui mzaha.

(ii) *Kicheko hufunga kundi.* Wanaocheka pamoja hujiona wamoja. Asiyecheka huonekana msaliti, na anayechekwa yuko nje tayari.

(iii) *Picha haihitaji kisomo kingi.* Mtoto aliyekuwa hajajua kusoma vizuri aliielewa.

(iv) *Marudio hugeuka mazoea.* Kibonzo kimoja hakibadilishi mtu. Vibonzo vya miaka kumi na mitano ni jambo lingine.

(v) *Mchoraji alikuwa na pa kukimbilia.* Akilaumiwa alijibu kwamba ni utani tu.

Jibu hilo la mwisho tulipime kwa mizani ya kwetu, maana neno "utani" tunalijua. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, pande zote mbili hutaniana. Anayetaniwa leo atajibu kesho. Na mtani ana wajibu: msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kufika, na ana kazi yake maalumu msibani. Vibonzo tunavyovisoma havikuwa na hata moja kati ya hayo. Upande mmoja ndio uliochora, upande mwingine haukuwa na nafasi ya kujibu katika ukurasa uleule, na msiba ulipofika mtani hakuonekana. Huo si utani. Ni matusi yaliyovaa nguo ya utani.

7. Baada ya 1933: kibonzo kinapata dola

Kabla ya 1933 Myahudi aliyechafuliwa angeweza angalau kwenda mahakamani. Streicher alishtakiwa mara kadhaa katika miaka ya 1920 na aliwahi kufungwa. Hitler alipokuwa kansela tarehe 30 Januari 1933, mlango huo ulifungwa.

Majarida yaliyopinga yalizimwa au yalisalimu amri. Heine alikimbilia uhamishoni mwaka uleule, naye *Simplicissimus* likaendelea kutoka hadi 1944 likiimba wimbo wa watawala wapya. *Der Stürmer* lilibandikwa kwenye masanduku maalumu ya barabarani, karibu na vituo vya mabasi na mahali pa mikusanyiko, ili asiye na senti alisome bure. Katikati ya miaka ya 1930 lilichapwa kwa mamia ya maelfu ya nakala kila wiki. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, masanduku hayo yaliondolewa kwa muda ili wageni wasiyaone. Serikali ilijua vizuri kilichomo.

Mwaka 1938 kampuni ya *Der Stürmer* ilichapa kitabu cha watoto, *Der Giftpilz* ("Uyoga wenye sumu"), kikiwa na michoro ya Fips. Taswira iliyokuwa ya kuwachekesha watu wazima sasa ilikuwa somo la mtoto.

Weka vibonzo hivi sambamba na matukio haya:

- 1 Aprili 1933: kugomewa kwa maduka ya Wayahudi. Streicher aliongoza kamati ya mgomo.
- 15 Septemba 1935: Sheria za Nuremberg ziliwanyang'anya Wayahudi uraia kamili na kupiga marufuku ndoa kati yao na Wajerumani wengine.
- 9–10 Novemba 1938: usiku wa kuvunjwa maduka na kuchomwa masinagogi.
- 1941–1945: mauaji ya halaiki. Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya waliuawa.

8. Mjadala: je, vibonzo vilisababisha mauaji?

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kuna majibu mawili ya kukwepa.

La kwanza ni kusema vibonzo *vilisababisha* mauaji. Si sahihi. Mauaji yalihitaji dola, sheria, polisi, reli, jeshi na vita. Nchi nyingine zilikuwa na vibonzo kama hivyo na hazikujenga kambi za mauaji.

La pili ni kusema vibonzo *havikuwa na athari*, kwa kuwa vilikuwa vichekesho tu. Si sahihi pia. Dola ilipoanza kuwatesa Wayahudi, ilihitaji mamilioni ya watu wakubali au wanyamaze. Kunyamaza huko kulikuwa kumeandaliwa.

Jibu imara hutofautisha *kusababisha* na *kuandaa*. Dola ya Nazi ilisababisha mauaji. Vibonzo, pamoja na hotuba, vitabu na mafundisho mengine, viliandaa mazingira ambamo mauaji yalitendeka bila majirani wengi kupiga kelele.

9. Hukumu: Nuremberg na Arusha

Baada ya vita, Streicher alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Kijeshi huko Nuremberg. Hakuwa amebeba bunduki wala kuendesha kambi. Alikuwa mchapishaji. Mahakama ilimwachia katika shtaka la kupanga njama za vita, lakini ilimtia hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kuwa aliendelea kuchochea maangamizi ya Wayahudi wakati mauaji yanaendelea. Alinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946.

Kesi hiyo ilikuja kukumbukwa karibu nasi. Mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwahukumu watu watatu wa vyombo vya habari, akiwemo Hassan Ngeze, mhariri wa *Kangura*, lililotumia maandishi na vibonzo kuwachafua Watutsi kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Katika hukumu yao majaji waliirejea kesi ya Streicher.

10. Jinsi ya kujibu swali la picha

*Mfano (mchoro umetungwa kwa ajili ya zoezi):* Kibonzo cha jarida la Ujerumani la 1923 kinamwonyesha mtu mnene mwenye pua ya ndoano amekaa juu ya gunia la fedha. Mbele yake kuna mjane wa vita na mtoto aliyekonda. Mtu mnene anatabasamu.

*Hatua ya 1: Eleza unachokiona.* Taja watu, vitu na mkao wao. Usitoe maana bado.

*Hatua ya 2: Fungua alama.* Pua na unene vinamtambulisha mtu huyu kama Myahudi kwa mujibu wa taswira mgando. Gunia ni ulanguzi. Mjane ni taifa lililoumizwa na vita.

*Hatua ya 3: Iweke katika wakati wake.* Mwaka 1923 ni mwaka wa kuporomoka kwa fedha. Njaa ya mjane ilikuwa ya kweli. Uongo ni jibu la swali "nani kaileta?"

*Hatua ya 4: Onyesha kilichofichwa.* Kibonzo kimeficha gharama za vita, fidia na sera ya serikali ya kuchapa noti. Kimeficha pia wajane wa Kiyahudi wa askari 12,000.

*Hatua ya 5: Eleza lengo na athari.* Kumgeuza Myahudi kuwa mbuzi wa kafara na kuielekeza hasira ya watu kwake.

11. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- *Kuandika madai ya kibonzo kama ukweli.* Usiandike "Wayahudi walikuwa wanamiliki fedha zote." Andika "Kibonzo *kilidai* kwamba Wayahudi wanamiliki fedha zote." Neno moja linakutenganisha na mchoraji. Ukilisahau, umeisambaza chuki uliyotakiwa kuichambua.
- *Kudhani chuki ilianza 1933.* Majarida ya kawaida yalikwisha kuizoesha.
- *Kuliita* Der Stürmer *jarida la vichekesho* bila maelezo.
- *Kuwasahau waliopinga.*

12. Swali la insha na dondoo za jibu

*Swali:* "Vibonzo vya majarida vilichangia mateso ya Wayahudi wa Ujerumani." Jadili kauli hii kwa hoja sita. (Alama 15)

*Utangulizi:* Fafanua kibonzo na chuki dhidi ya Wayahudi. Taja kipindi cha 1919–1939 na msimamo wako.

*Kiini:*
1. Vilibandika taswira mgando juu ya watu wa kila namna.
2. Viliwatwisha Wayahudi lawama za kushindwa vitani na dhiki ya uchumi.
3. Viliwavua utu kwa kuwachora kama wanyama.
4. Viliifanya chuki ionekane burudani ya kawaida, hata katika majarida yasiyo ya chama.
5. Viliwafikia watoto na wasiosoma sana, hasa baada ya 1933.
6. Kwa upande mwingine, peke yake visingetosha. Dola, sheria na vita ndivyo vilivyotenda.

*Hitimisho:* Vibonzo havikuua, lakini viliwafundisha watu kutoshtuka. Hukumu ya Streicher inaonyesha kwamba anayechochea kwa kalamu naye anawajibika.

13. Maswali ya kujipima

1. Taja jarida moja la kawaida na jarida moja la chama cha Nazi, kisha toa tofauti mbili kati yao.
2. Kwa nini kumchora Myahudi kama bepari na mkomunisti kwa wakati mmoja ni kinzani? Kwa nini kinzani hiyo haikuwasumbua wasomaji?
3. Tofautisha utani wa makabila na vibonzo vya chuki kwa hoja tatu.
4. "Serikali ya Nazi ilijua kwamba *Der Stürmer* ni aibu." Thibitisha kwa tukio la 1936.
5. Eleza uhusiano kati ya kesi ya Streicher na kesi ya vyombo vya habari iliyosikilizwa Arusha.
6. Tafuta picha au kichekesho kimoja ulichotumiwa kwenye simu mwezi huu kinachocheka kabila, dini au taifa fulani. Kipitishe kwenye hatua tano za sehemu ya 10. Kisha amua kama utamtumia mwingine, na uandike sababu yako.